Kiwango cha mkopo wa simu hakipandi kwa kuomba

Ukikaa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, asubuhi mitumbwi ikishusha, hutakosa kumsikia mtu akiilaani simu yake. Anazungusha mamilioni ya dagaa, lakini akiangalia mkopo kwenye simu anaambiwa mwisho wake ni elfu kumi na tano. Anaona ametukanwa. Wengine wanapiga huduma kwa wateja na kugombana na binti wa watu ambaye hana hata uwezo wa kuwaongezea shilingi moja.

Mimi nanunua dagaa hapo hapo, nakausha, natuma Tabora na Urambo. Kiwango changu kilianzia kwenye hizo elfu chache, na sasa kinanitosha kuongezea mzigo asubuhi mtaji ukipungua. Hakuna niliyemwomba. Kilichobadilika ni namna fedha yangu inavyopita kwenye laini.

Tangu M-Pawa, huduma ya akiba na mikopo ya simu ya Vodacom, ianze mwaka 2014, na baadaye Songesha ya mtandao huohuo na nyingine za mitandao mingine, anayekupima si meneja wa benki aliyekuja kuona vichanja vyako. Ni kompyuta. Kanuni zao kamili hawazitangazi, ila inachoweza kuona kinajulikana: laini ina umri gani, fedha ngapi zinaingia na kutoka, kuna salio linalolala au kila kitu kinatolewa palepale, na mikopo ya nyuma ulilipa lini. Gunia lililoko stoo haioni. Heshima yako Ujiji haioni pia.

Sasa tuangalie tunavyofanya biashara huku. Mteja wa Urambo anampa konda fedha taslimu, konda anafika stendi ya Masanga jioni, unazipokea ndani ya bahasha. Au anampa wakala, wakala wa huku anakupa mkononi ili ada isikatwe. Laki nane imetembea na laini yako haijagusa hata mia. Halafu unashangaa simu inakuona huna kitu!

Niliwaambia wateja wangu wakubwa watume kwenye namba yangu. Walilalamika kuhusu ada, tukakubaliana nigawane nao. Ndiyo, ni gharama, na kwa mzigo mdogo wa kisado kimoja viwili sikushauri uhangaike. Lakini kwa mzigo wa magunia, ada ile nimeihesabu kama nauli. Zikishaingia sizitoi zote kwa pamoja: namlipa mwenye gari kwa simu, nanunua umeme, namtumia mtoto wa shule, kiasi fulani nakiacha kilale. Muhimu ni kwamba haya yote yalikuwa malipo yangu ya kweli. Nitarudi kwenye hilo.

Kuna jambo moja ambalo mshauri wa Dar hawezi kukwambia, nalo ni mwezi. Dagaa wetu wanavuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu, wavuvi wanapumzika. Fedha yetu kwa hiyo ina majuma ya kujaa na majuma ya kukauka. Mkopo wa siku 30 unakaribiana sana na mzunguko wa mwezi, ambao ni siku 29 na nusu hivi. Maana yake ukikopa giza linapoingia, yaani siku zisizo na mbalamwezi zinapoanza, tarehe ya mwisho inakukuta giza lijalo ndiyo kwanza linaanza: umetoka kwenye mbalamwezi, mfuko mtupu, mzigo mpya bado haujauzwa. Watu wengi wa mwaloni wanachelewa hapo, siku mbili tatu tu, mwezi baada ya mwezi, na wala si watu wa kudhulumu. Ila kompyuta haiulizi sababu. Inaandika kachelewa.

Kwa hiyo nakopa siku za mwanzo za giza na kulipa ndani ya giza hilohilo, mzigo wa kwanza ukishauzwa. Sisubiri ujumbe wa kukumbushwa. Na mbalamwezi sikopi kabisa, kwa sababu mkopo wa wakati ule ni wa kula, na mkopo wa kula hauna gunia la kuulipa.

Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, laini nyingi za watu wetu zilinyamaza na viwango vyao vikashuka. Kama ziwa linafungwa tena, maliza deni lako kabla, kisha tafuta kitu kingine cha kupitisha kwenye laini hata kama ni kidogo. Mimi niligeukia mawese. Faida yake haikuwa ya kujivunia, lakini laini haikulala.

Kuhusu kulipa: lipa lote, kwa fedha ya mauzo. Kulipa mkopo wa mtandao mmoja kwa kukopa mtandao mwingine ni kuhamisha tatizo na kuliongezea ada. Tena usiwe mtu wa kumaliza kiwango chote kila mara, unalipa saa nne na saa nne na dakika mbili umekopa tena mpaka mwisho. Wenye kadi za mkopo za benki wana somo hilohilo. Kule Marekani washauri wa fedha huwaambia wateja wasitumie zaidi ya asilimia 30 ya kiwango cha kadi, kwa sababu anayeishi ukingoni anaonekana anakaribia kuanguka. Kama wewe ni mwajiriwa mwenye kadi ya benki yenye kiwango kidogo, tofauti yako na sisi ni kwamba una mtu wa kuzungumza naye: mshahara ukipanda, peleka hati mpya ya mshahara na uandike maombi, ukiwa huna deni lililopitiliza tarehe. Ukienda umechelewa mwezi uliopita utapoteza muda wako bure.

Njia za mkato zipo, na zote nimeziona zikipendekezwa. Ya kwanza ni kuzungusha: laki moja inatoka laini yangu kwenda ya mume wangu, inarudi, inaenda tena. Ada inaila kila inapopita, na fedha inayorudi kila mara kwa watu wawili walewale haifanani na biashara hata kwa mtu anayeangalia kwa macho. Ya pili ni yule kijana anayepiga simu kusema anatoka makao makuu, atakupandishia kiwango ukimtajia namba ya siri au ukituma kwanza ada ya usajili. Huyo ni mwizi. Kata simu.

Ya tatu ni programu za mikopo unazopakua tu mtandaoni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni na kuwataka wananchi wasizitumie. Kuna watu hapa Mwanga ambao baba mkwe na mwalimu wa mtoto walipata ujumbe wa madeni yao, kwa sababu programu ilichukua majina yote yaliyomo kwenye simu. Kiwango kikubwa cha aina hiyo wacha kikupite.

Hata kwenye mkopo halali, piga hesabu kabla hujafurahia kupandishiwa. Tuseme ada ni asilimia 10 kwa mwezi: laki tatu inakudai elfu thelathini. Kama gunia linakuachia faida inayozidi hapo na linauzika ndani ya wiki mbili, sawa, chukua. Kwa kitu kinachokaa miezi, mfano kuezeka stoo au kununua friji, nenda VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Vikundi vingi vinakopesha hadi mara tatu ya hisa zako, na riba inarudi kwenu wenyewe mwisho wa mzunguko. Shida yake ni kusubiri siku ya kikao, na mtumbwi haumsubiri mtu.

Kama umefanya yote haya na kiwango bado kimeganda, bonyeza *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Tangu usajili wa alama za vidole uwe lazima mwaka 2020, laini iliyo kwa jina lako ni yako, hata kama anayeitumia ni mdogo wako aliyeko Kasulu. Akikopa na kutolipa, deni limesimama kwa jina lako, na mkopeshaji anaweza kulipeleka kwenye taasisi za taarifa za mikopo kama Creditinfo. Ukikuta laini usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako ukaifute. Ukiwa hapohapo waulize kama kuna deni la zamani kwenye laini yako. Mara nyingi ni kidogo, elfu mbili tatu lililosahaulika. Lilipe, omba ujumbe wa kuthibitisha, uuhifadhi.