Namba inayoishia na R kwenye filamu ya 1972

Umeuliza kama gari kwenye filamu ya Uingereza inayosimulia mwaka 1972 linaweza kuwa na namba inayoishia na R. Kwa kawaida hapana, hilo ni kosa. Katika mfumo wa namba za usajili wa Uingereza ulioanza 1963 na kudumu hadi 1983, herufi ya mwisho ilionyesha kipindi cha usajili, na R ilianza Agosti 1976. Gari laweza kufungwa namba ya zamani kuliko lenyewe, lakini si mpya zaidi. Kwa hiyo R ya mfumo huo haina utetezi hapo. Ukitaka pia kutambua aina ya gari, simamisha picha linapoonekana ubavuni (napenda kuanzia hapo): mstari wa paa na mpangilio wa madirisha ni ushahidi bora kuliko nembo, maana nembo huhamishika.