Fundi akisema gasketi ya hedi imeungua

Dada, umesema gari linachemsha ukipanda kutoka Kisumu kwenda Kericho, na fundi anataka kufungua injini kwa sababu "gasketi ya hedi imeungua". Usikubali bado.

Hedi ndiyo kifuniko kizito kilicho juu ya silinda, mahali pistoni zinapopanda na kushuka. Gasketi ni bamba jembamba kati ya hedi na bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda. Linazuia moto, maji na oili visichanganyike. Ikiungua kweli, dalili huonekana: maji hupungua bila kuvuja nje, moshi mweupe hauishi hata injini ikipata moto, rejeta (inayopoza maji ya injini) hutoa mapovu mfululizo, au oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Vuta kijiti cha oili ujionee mwenyewe.

Kama hakuna dalili hizo, anzeni na vitu vya bei nafuu. Kifuniko cha rejeta hushikilia presha ili maji yasichemke mapema. Mpira wake ukichoka, mlima utakuumbua. (Nakuru niliwahi kufunguliwa hedi nzima, kumbe shida ilikuwa kifuniko tu. Iliniuma sana.) Kisha thamostati, mlango mdogo unaofunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi au zaidi, kutegemea gari. Ikikwama, maji hayafiki kwenye rejeta. Feni na pampu ya maji pia vikaguliwe.

Na tafadhali, usifungue rejeta ikiwa moto. Subiri ipoe kabisa, hata kama una haraka.