Binti yangu nimwite Noa: je, si Nuhu wa safina?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko Moshi, nina ujauzito wa miezi saba, na kipimo kimeonyesha ni binti. Mimi na mume wangu tumependa jina Noa. Mamamkwe hataki hata kulisikia: anasema Noa ni mwanamume, ndiye Nuhu wa safina, na zaidi ya hapo ni gari. Nimetafuta mtandaoni, huku wanasema maana yake ni "pumziko", kule wanasema ni "mwendo". Ni jina la kike kweli? Limetoka wapi, na linatumika kiasi gani huko kwao? Na kwenye cheti cha kuzaliwa niandike Noa au Noah?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mamamkwe tumpe haki yake kwanza, maana sikio lake halijamdanganya. Ukisikiliza kwa Kiswahili, Noa la binti na Noah la mzee wa safina ni neno moja. Herufi inayoyatenganisha ilidondoka njiani kabla hayajatufikia.

Kiebrania huandika jina la mzee wa safina kwa herufi mbili, nun na heti. Jina la binti lina tatu: nun, ayini, na he ya mwisho. Aliyepita madrasa anazijua sauti hizi: heti ni ile ha ya kooni ya Kiarabu, na ayini ndiyo ain. Sasa tazama Kiswahili kinavyozipokea sauti hizo zikija na maneno ya Kiarabu. Ha kinaibakiza: ruh ikawa roho, na Nuh akawa Nuhu. Ain kinaimeza, zikabaki irabu zinazogusana, ndiyo maana tuna saa na jamaa. Basi Nuhu amepita njia ya roho, na Noa amepita njia ya saa. Waisraeli wa leo hawawachanganyi hata kidogo. Wa kiume wanamwita Noakh, na mwisho wake unakwaruza koo. Wa kike ni Noa, laini, mkazo ukiwa kwenye silabi ya kwanza, kama Mswahili anavyolitamka bila kufundishwa.

Vurugu kubwa tumeletewa na Kiingereza. Tafsiri ya King James ya mwaka 1611 iliwaandika wote wawili Noah, herufi kwa herufi. Wagiriki na Walatini wa kale walikuwa waangalifu zaidi: mzee walimwita Noe, binti, kwa Kigiriki ni Noua na kwa Kilatini ni Noa. Na ziko tafsiri za Kiswahili zinazomwita mzee Noa badala ya Nuhu, kwa hiyo mamamkwe huenda amelisoma jambo lake kwenye Biblia kabisa.

Hapo unaona kwa nini mtandao umekupa maana mbili. Zote ni za kweli, ila kila moja ni ya mtu wake. Mzizi wa jina la mzee ni wa kutulia, kupumzika. Mzizi wa jina la binti ni wa kutikisika, kuyumba, kwenda. Isaya 7:2 inautumia kwa miti ya msituni inayotikiswa na upepo. Sitakuficha kwamba ndio huohuo uliomo katika adhabu ya Kaini ya kutangatanga duniani. Lakini mahali ninapopapenda mimi ni 1 Samweli 1:13, Hana akiomba mtoto, sauti haisikiki, midomo tu inachezacheza. Kitenzi cha midomo ile kimetoka kwenye mzizi wa Noa. Mwambie mamamkwe hilo uone atakavyonyamaza.

Noa mwenyewe yumo katika kitabu cha Hesabu, sura ya 26 na ya 27. Ni mmoja wa mabinti watano wa Selofehadi wa kabila la Manase: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao alifia jangwani bila mtoto wa kiume. Wasichana hao wakasimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa, Eleazari kuhani na wakuu wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutike kwa sababu tu hakuzaa mwana. Musa akalipeleka shauri kwa Mungu, na jibu likaja kwamba wanasema kweli, wapewe urithi. Sura ya 36 inaongeza sharti: waolewe ndani ya kabila la baba yao ili ardhi isihame. Wanasheria wa mirathi hapa kwetu wangeisoma kesi ile na kutabasamu kidogo, maana ndugu wa marehemu hawajabadilika sana.

Nje ya Biblia jina lina ushahidi wake. Mwaka 1910 wachimbaji waliofukua Samaria walipata vigae vilivyoandikwa kwa wino, hesabu za mvinyo na mafuta za karne ya 8 KK. Humo Noa na Hogla wanatajwa kama majina ya maeneo katika nchi ya Manase. Mabinti waliogombea ardhi, ardhi ikaitwa kwa majina yao.

Pamoja na hayo, kwa karne nyingi Wayahudi hawakulipa Noa uzito. Bibi zao waliitwa Sara, Rivka, Lea. Kiebrania kilipofufuliwa kuwa lugha ya kila siku, wazazi walianza kufukua majina ya Biblia yaliyosahaulika, mafupi, yasiyonuka uzee, na Noa likawa mojawapo. Kuanzia karibu mwaka 2000 lilikaa kileleni kwa wasichana wa Kiyahudi wa Israel kwa zaidi ya miaka kumi, hadi Tamar lilipolishusha katikati ya miaka ya 2010. Mwimbaji Achinoam Nini, aliyeiwakilisha Israel kwenye Eurovision, mashindano ya nyimbo ya Ulaya, mwaka 2009, anajulikana duniani kwa jina la Noa tu. Hispania nako linapendwa sana kwa wasichana. Ufaransa, kinyume chake, utakutana na wavulana wanaoitwa Noa.

Sasa cheti. Andika Noa, bila h. Ile h ya Kiingereza inamvuta mtoto kwenye jina la kiume, na Noah lilikuwa jina la kwanza kwa wavulana wa Marekani kuanzia 2013 hadi 2016. Akiomba viza siku moja, karani atatafuta mvulana kwenye picha. Na hapo Moshi, mkiandika Noah, mtakuwa mmempa jina la Toyota inayopakia abiria stendi.

Kuna utani mmoja ambao tahajia haitauzuia. Wenzake darasani watamuuliza ananoa nini, kisu au panga, na atakayekuja na kinoo mfukoni hatakosekana. Hilo mlizoee tangu sasa.

Na ikiwa kipimo kimekosea akazaliwa wa kiume, mamamkwe ameshinda: mwiteni Nuhu.