Nyumba za mashambani Ireland: maswali yenu

Zile nyumba nyeupe zilizoezekwa nyasi zilijengwa kwa vifaa gani?

Kwa kilichopatikana jirani. Magharibi mawe ni tele, basi kuta ni za mawe, nene. Kusini mashariki, hasa Wexford, wengi walijenga kwa udongo uliokandwa na majani makavu. Weupe ni chokaa. Misitu ilikuwa imeshakatwa, hivyo makombamoyo mengi yalitokana na magogo ya mwaloni na msonobari yaliyofukuliwa kinamasini, yaliyozama huko kwa maelfu ya miaka.

Upepo wa Atlantiki hauling'oi paa la nyasi?

Ungeling'oa. Ndiyo maana pwani ya Mayo na Donegal walipitisha kamba juu ya paa, wakazifunga kwenye vigingi vya mawe vilivyochomoza ukutani.

Eti moto haukuzimwa kabisa?

Haukuzimwa, na hapa ndipo ninapoipenda zaidi nyumba hii. Kuni zilikuwa adimu. Walichoma mboji, yaani mimea iliyooza kinamasini, ikakatwa kama matofali na kuanikwa. Usiku mama wa nyumba alifukia makaa kwenye majivu, asubuhi akayafukua na kuuchochea moto uleule. Mkate waliuoka ndani ya chungu cha chuma chenye mfuniko, makaa yakiwa chini na juu. Anayejua kupalia wali hahitaji kuelezwa zaidi. Vigoda vyao vilikuwa vifupi, maana moshi hupanda: aliyekaa chini ndiye aliyepumua vizuri.

Vyumba viwili vitatu, watu kumi. Walilala wapi?

Kulikuwa na benchi la mbao lenye mgongo mrefu. Mchana ni kiti. Usiku sehemu ya kukalia hufunguliwa mbele hadi sakafuni, likawa sanduku la kulalia watoto kadhaa. Kaskazini magharibi walijenga pia kishubaka ukutani, kando ya moto, chenye kitanda ambacho mara nyingi kililaliwa na wazee.

Maskini nao waliishi hivyo?

Hapana, na picha za kalenda hazisemi hili. Sensa ya 1841 ilihesabu karibu nyumba 490,000 za daraja la mwisho: kibanda cha udongo, chumba kimoja. Mwaka 1851, baada ya njaa kuu iliyoletwa na ugonjwa wa viazi, zilibaki kama 136,000. Waliokuwa humo wengi walikufa, wengine walipanda meli, wengine walifukuzwa na wenye ardhi na vibanda vyao kubomolewa. Mvua ilimaliza kuta zilizobaki.