Sakafu ya joto kwenye kijumba kidogo: chanzo gani kinafaa?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimejenga kijumba cha mbao chenye mita za mraba 30 katika eneo la theluji. Sakafu ni zege la unene wa sentimita 10, na ndani yake nimeshalaza mabomba ya plastiki ya kupitishia maji ya moto. Huwa nafika huko mwisho wa wiki tu, na umeme upo. Fundi amenishauri ninunue boila ya gesi ya kilowati 18, ilhali rafiki yangu anasema nizungushe bomba la shaba ndani ya jiko langu la kuni, nipate joto la bure. Nimfuate nani?

JIBU: Ndugu msomaji, nakuomba usimfuate yeyote kati yao, na nitakueleza kwa nini.

Tuanze na hitaji lenyewe. Ikiwa kuta, dari na upande wa chini wa zege vimewekewa tabaka nene la kuzuia joto lisipotee, kijumba cha ukubwa huo hupoteza takriban wati 50 kwa kila mita ya mraba siku ya baridi kali, yaani kilowati 1.5 hivi kwa jumla. Tena sakafu yenyewe ina kikomo chake: mahali watu wanapokaa, uso wake haupaswi kuzidi nyuzi 29, na kwa joto hilo, chumba kikiwa na nyuzi 20, kila mita ya mraba hutoa wati 100 hivi. Kwa hiyo sakafu yako yote haiwezi kutoa zaidi ya kilowati 3. Boila ya kilowati 18 itakosa pa kupeleka nguvu zake. Itawaka dakika chache, itazima, itawaka tena, na mtindo huo hula gesi na kuchakaza vifaa kabla ya wakati. Hata boila zinazoweza kujipunguza, nyingi hazishuki hadi kwenye kiwango kidogo unachokihitaji wewe.

Jambo la pili, ambalo naona ndilo zito zaidi kwako, ni kwamba hukai hapo kila siku. Zege lako lina uzito wa tani 7 na ushee, na kulipandisha joto kwa nyuzi moja kunahitaji karibu kilowati-saa 1.8. Ukilikuta na nyuzi 5 ukataka lifike 25, unahitaji kilowati-saa 36, maana yake saa 12 za kilowati 3 mfululizo, bila kuhesabu joto linalopotea wakati huohuo. Ukiwasha Ijumaa jioni unapoingia, utalala kwenye baridi na kuamka sakafu ikiwa bado vuguvugu, kisha itakolea vizuri Jumapili unapofunga mlango kuondoka.

Kwa sababu hizo, chaguo langu kwako ni boila ndogo ya umeme ya kilowati 3, yenye thamostati (kifaa kinachoizima joto likifika kiwango ulichopanga) na saa ya kuiwasha Alhamisi usiku kabla hujafika. Ni kifaa kidogo cha kutundika ukutani, hakihitaji bomba la moshi, na umeme wote unaoingia hugeuka joto la maji. Ni kweli kwamba katika sehemu nyingi joto la umeme ni ghali kuliko la gesi, lakini kwa matumizi ya siku mbili tatu kwa wiki tofauti hiyo huchukua muda mrefu kufidia bei ya boila ya gesi, bomba lake la moshi na matengenezo yake. Kama ungekuwa unaishi hapo mwaka mzima, ningekuelekeza bila kusita kwenye pampu ya joto, yaani mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kulipeleka kwenye maji ya sakafu, kwa kuwa sakafu huridhika na maji ya nyuzi 35 hadi 40, na kwa maji ya namna hiyo pampu hutoa joto mara tatu au zaidi ya umeme inaotumia, ingawa kiwango hicho hushuka baridi inapozidi.

Kuhusu bomba la shaba ndani ya jiko, nakusihi usijaribu. Umeme ukikatika, pampu ya kuzungusha maji husimama, lakini kuni haziachi kuwaka. Maji yaliyonaswa ndani ya bomba huchemka na kuwa mvuke, na mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara elfu moja ya ile ya maji. Bomba hupasuka, na wenye kuumia ni waliokaa karibu na moto. Boila za kuni zilizotengenezwa kwa kazi hiyo zipo, lakini huendana na vali za usalama na tangi la kuhifadhi joto la lita mia kadhaa, ambalo litakula pembe nzima ya kijumba chako. Liache jiko lipashe hewa: kwa muda wa saa moja chumba kitakalika, huku sakafu ikijikokota.

Mwisho, kwa kuwa nyumba hubaki tupu, maji ya mabombani yataganda siku umeme utakapokosekana. Jaza mchanganyiko wa maji wenye asilimia 40 ya propilini glaikoli (kimiminika cha kuzuia maji yasigande), unaostahimili nyuzi 20 chini ya sifuri, na usitumie dawa ya rejeta ya gari, kwa sababu nyingi hutengenezwa kwa ethilini glaikoli, ambayo ni sumu. Mzunguko huo usiungane kabisa na maji ya kunywa, na nguvu ya mchanganyiko ipimwe kila mwaka kabla ya baridi kuanza.