Amefariki, amekufa, amekata kamba: nifundisheje uteuzi wa maneno?

SWALI: Ninafundisha Kiswahili Kidato cha Pili, Morogoro. Wanafunzi wangu wanajua visawe vingi lakini wanavitumia ovyo. Katika zoezi la barua ya rambirambi, mmoja ameandika: "Nimesikitika sana kusikia kuwa bibi yako amekata kamba." Nilipomuuliza, akanionyesha daftari lake: kufa, kufariki, kuaga dunia, kukata roho, kukata kamba, yote kwenye mstari mmoja. Niwape kanuni gani ili wajue neno lipi lina heshima na lipi halina? Na makosa ya namna hii niyasahihisheje?

JIBU: Mwalimu, kijana huyo ametii alichofundishwa. Ameambiwa maneno hayo ni sawa, akachukua lililomvutia. Tatizo ni ule mstari wa daftarini. Visawe hukaribiana katika maana ya msingi. Katika maana ya ziada, yaani heshima, dharau, huruma au msimamo unaoambatana na neno, ni nadra sana kulingana. Na maana hiyo ya ziada haikai ndani ya neno peke yake. Inategemea nani anasema, anamwambia nani, na anamsema nani. Kwa hiyo sitakupa orodha ya maneno yenye heshima na yasiyo na heshima. Itakurudisha palepale.

Chukua hilohilo kufa. Wengi tunawaambia wanafunzi kwamba wanyama hufa na watu hufariki. Kwenye rambirambi kanuni hiyo inasaidia. Sasa mwambie mwanafunzi aandike kuhusu wapiganaji wa Majimaji: "mashujaa waliofariki wakipigania ardhi yao". Sentensi imelegea, kana kwamba waliugua wakiwa vitani. "Waliokufa wakipigania ardhi yao" imesimama, kwa sababu hapo ukali wa kufa ndio unaotakiwa. Mimba nayo ni vivyo hivyo. Ukimwambia jirani "naona mkeo ana mimba" umemkosea adabu, ungesema ni mjamzito. Lakini daktari anayeandika "mimba imetunga nje ya kizazi" hajamvunjia mtu heshima, na hapo ujauzito usingeleta usahihi zaidi.

Somo la kwanza ningelianzia mbali na misiba na matusi, kwa vitenzi vya kunukuu, maana hapo mwanafunzi huona haraka kwamba neno moja linaweza kumhukumu mtu. Andika ubaoni: "Mkurugenzi ____ kwamba fedha za mradi zilinunua magari." Wajaze alisema, kisha wabadilishe: alieleza, alidai, alikiri, alifichua. Kila wakibadilisha, waulize: mwandishi anamwamini mkurugenzi? Nani alikosea? Nani alikuwa anaficha? Kwa alidai, mwandishi amejitenga na habari, kama anayesema "hayo ni yake". Kwa alikiri, mkurugenzi ameshakuwa mkosaji kabla ya kesi yoyote. Kwa alifichua, amegeuka shujaa, na wakosaji ni watu wengine waliotaka jambo lisijulikane. Fedha ni zilezile na magari ni yaleyale. Waache wabishane hapo hata kipindi kizima, ni muda uliotumika vizuri.

Mmoja atakuuliza: mbona "wafanyakazi wanadai malimbikizo ya mishahara" haina shaka yoyote? Swali zuri. Kitenzi kikifuatwa na haki au deni, kinasema kuna mtu anayedaiwa. Kikifuatwa na kwamba, kinatia shaka katika habari. Ndiyo sababu nakusihi daftari lao libebe sentensi nzima badala ya neno na kisawe chake. Kamusi zetu zinaonyesha aina ya neno na nahau zake, lakini mara chache zinasema nani anaweza kumwambia nani.

Baada ya hapo nenda kwenye viambishi vya ngeli, eneo ambalo Kiswahili kina utajiri mkubwa na vitabu vingi vya kiada vinalipita kwa kusema tu "udogo na ukubwa". Mwenyeji anapokuambia "karibu kwenye kibanda changu" amejishusha, ni adabu. Mgeni akijibu "asante kunikaribisha kwenye kibanda chako" ametukana. Mwenye gari akisema "kigari changu kinanisaidia" ni unyenyekevu. Jirani akisema "kigari chake" ni dharau. Kiambishi ni kilekile, aliyebadilika ni msemaji. Wape mzee, kizee, jizee. Mtu, kijitu, jitu. Kisha waandike mazungumzo mafupi ambamo umbo lilelile linatumika kwa upendo mara moja na kwa kejeli mara moja. Watoto waliolelewa na bibi zao huliweza zoezi hili kuliko tunavyodhani.

Kuhusu majina ya watu, kanuni ni fupi: tumia jina ambalo mwenyewe angelikubali akiwa amesimama mbele yako. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 kuhusu ulemavu inasema watu wenye ulemavu: mtu anatajwa kwanza na hali yake inafuata. Aliyekuwa akiitwa zeruzeru ni mtu mwenye ualbino. Mama ntilie wengi leo wanaitwa mama lishe. Na wanafunzi wako wafikirie beki tatu, jina la mfanyakazi wa nyumbani wanalolisikia mtaani kila siku na wengine kuliona la kuchekesha. Waulize: anayeitwa hivyo akiandika kwao kueleza kazi anayofanya mjini, ataandika hivyo?

Sasa tahadhari ambayo naiona kubwa kuliko yote. Usiwaache waamini kwamba neno laini ndilo neno jema. Tasfida, yaani neno laini linalofunika jambo zito, inasitiri aibu ya mgonjwa na uchungu wa mfiwa, na hiyo ni kazi yake halali. Lakini inasitiri pia uovu. Nauli zikipandishwa tunaambiwa "zimerekebishwa". Rushwa inaitwa chai, inaitwa kitu kidogo. Mfano mkubwa kuliko yote tunao hapahapa nyumbani: takrima. Ni neno zuri, la ukarimu wa mwenyeji kwa mgeni. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa, na vitu anavyotoa mgombea kwa nia njema kama ukarimu wa kimila havikuhesabiwa tena kuwa rushwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, baada ya watetezi wa haki za binadamu kufungua kesi, ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Kwa miaka kadhaa, kilichowatenganisha mgombea mkarimu na mgombea mtoa rushwa kilikuwa jina. Wanafunzi wa Kidato cha Pili wanalielewa jambo hili vizuri kabisa ukiwapa sentensi mbili: "Mgombea aliwapa wapigakura takrima" na "Mgombea aliwahonga wapigakura". Waulize nani angeandika ya kwanza na nani ya pili, na wewe mwandishi ungechagua ipi, kwa ushahidi gani. Hilo la ushahidi usiliache, kwa sababu aliwahonga nalo ni hukumu. Asiye na ushahidi anaweza kusema waziwazi kilichotokea: "aliwapa wapigakura khanga na fedha taslimu".

Kuhusu kusahihisha: acha kuandika "si sahihi" pembeni ya neno kama kukata kamba. Si kweli kwamba si sahihi. Ni nahau halali, na kijana akiiweka kinywani mwa mhusika mtani kwenye tamthiliya, unampa alama. Andika swali pembeni: "Nani anamwambia nani?" Kisha mrudishie sentensi aiandike mara mbili, moja kwa mfiwa mwenyewe, nyingine kwa mahali ambapo lile neno lake la kwanza lingefaa. Mpe alama kwa zote mbili.

Kwa mtihani wa darasa, achana na "taja visawe vitano vya kufa". Wape aya ya mistari sita yenye maneno matatu yaliyokaa vibaya, wayatafute, wayabadilishe, na waeleze kila badiliko kwa sentensi moja. Alama nyingi ziwe kwenye maelezo. Kusahihisha kutachukua muda zaidi, najua ukubwa wa madarasa yetu, kwa hiyo fanya hivyo mara moja au mbili kwa muhula, na siku nyingine wasahihishane wawili wawili.