Jibu kwa vijana wa Kikwajuni: namna bendi ya panki inavyoweza kudumu bila ya bwana

Assalamu alaykum wana jukwaa.

Nimelisoma kwa makini suali la kijana wa Kikwajuni aliyeeleza kwamba yeye na wenzake watatu wana bendi ya panki (punk, roki ya kasi na kelele) yenye umri wa mwaka mmoja na tungo nane za kwao wenyewe, na kwamba wamefikiwa na watu wawili kwa wakati mmoja: hoteli moja ya pwani ya mashariki inayotaka wapige kila Ijumaa usiku kwa sharti la kupiga nyimbo mashuhuri za watu wengine, na mtayarishaji mmoja wa Dar es Salaam aliye tayari kulipia studio iwapo nyimbo zitakuwa mali yake. Anauliza wakubali lipi. Wengi mmemjibu achukue yote mawili kwa kuwa riziki haikataliwi. Mimi nilipiga gitaa la besi katika bendi ya namna hiyo hapa Unguja kuanzia 2007 hadi 2016, na jibu langu haliendi njia hiyo, kwa hivyo naomba mnivumilie nikilirefusha.

Mdogo wangu, kabla hamjaijibu hoteli wala huyo mtayarishaji, kaeni muhesabu bendi yenu inakula shilingi ngapi kwa mwezi. Hesabuni nyuzi za gitaa, vijiti vya dramu, umeme wa pale mnapofanyia mazoezi, nauli, na kodi ya spika kama hamna zenu. Sisi tulikaa miaka miwili bila ya kuifanya hesabu hiyo, na kwa miaka miwili hiyo tulimkubalia kila aliyetuita kwa sababu kila mara tulikuwa na deni la mtu. Tulipoifanya tuligundua kwamba zaidi ya nusu ya fedha zetu zilikuwa zikienda katika kukodi vyombo vikubwa kuliko kumbi tulizokuwa tukipiga. Tukanunua amplifaya moja kuukuu na spika mbili, tukaacha kukodi, na kuanzia hapo tukaweza kuchagua.

Jambo hili sikulivumbua mimi. Wanaoupenda muziki huu wanaijua bendi ya Fugazi ya Washington, D.C., iliyofanya onyesho lake la kwanza Septemba 1987 na kuendelea hadi Novemba 2002, ilipopiga mara ya mwisho mjini London. Watu humtaja Ian MacKaye, mwimbaji na mpigaji gitaa wake, na wenzake kana kwamba walikuwa mawalii waliozikataa fedha, lakini ukiutazama utaratibu wao utaona hesabu kabla ya kuona msimamo. Kiingilio chao kwa kawaida kilikuwa dola 5. Ili dola 5 zitoshe, walijipangia safari wenyewe bila ya kumlipa meneja, wakasafiri kwa gari moja na watu wachache, na wakatoa santuri zao kupitia Dischord, lebo (kampuni ya kutoa santuri) ambayo MacKaye mwenyewe ni mmoja wa waanzilishi wake. Kampuni kubwa za santuri zilipowajia walikuwa na uwezo wa kuzikatalia, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiwadai. Tena walishikilia kwamba maonyesho yao yawe wazi kwa watu wa umri wote, jambo ambalo nitalirudia kwa sababu kwetu Zanzibar lina uzito zaidi kuliko hata huko kwao.

Na hiyo Dischord yenyewe ilizaliwa na mfuko wa bendi. Mwaka 1980 MacKaye alikuwa akipiga besi na Jeff Nelson akipiga dramu katika bendi ya vijana wadogo iliyoitwa Teen Idles. Fedha za maonyesho yao hawakuwa wakigawana. Waliziweka, zikafika takriban dola 600. Bendi ilipovunjika walizitumia kutoa santuri ndogo nakala 1,000, na marafiki wakakaa pamoja wakikata, wakikunja na kugandisha majalada kwa mikono. Miaka michache kabla ya hapo, Januari 1977, bendi ya panki ya Buzzcocks ya Manchester ilikwisha kujitolea santuri yake wenyewe kwa pauni 500 walizokopa kwa jamaa na marafiki. Nayataja haya kwa sababu kijana wetu ameandika kwamba bila ya mtayarishaji "hatuna pa kuanzia". Walioanza hawakuwa na pa kuanzia zaidi ya mfuko wa pamoja.

Sisi Wazanzibari, zaidi ya watu wengine, hatuna haja ya kuliona jambo hili kuwa la kigeni. Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905, nayo ni klabu ya taarab ya wanachama. Wapigaji wamekuja na wamekwenda, wengine wametangulia mbele ya haki, na klabu imebaki. Na pembeni ya taarab ya fidla nyingi na kanuni (chombo cha nyuzi nyingi) kikawepo kidumbak, muziki wa watu wasio na uwezo wa kukusanya okestra nzima: fidla moja, vidumbak viwili (ngoma ndogo), cherewa (kayamba za mkononi), mkwasa (vijiti vya kugonganisha), na sanduku la chai lililotiwa fimbo na uzi mmoja likawa besi. Mtu aliyekiona kidumbak kikichemsha harusi katika mitaa ya Ng'ambo hapa mjini hahitaji kufundishwa panki ni nini. Ni watu wale wale waliokataa kuusubiri uwezo ndipo wapige.

Kwetu sanduku lilikuwa zaidi ya mfano. Wakubwa mnakumbuka Disemba 2009, umeme ulipokatika Unguja nzima na usirudi hadi Machi 2010. Wenye hoteli walikuwa na majenereta. Sisi hatukuwa nayo, na mafuta yalikuwa ghali. Wiki ya tatu mpigaji wetu wa dramu alikwenda kwa mjomba wake na kurudi na sanduku, mimi nikaweka gitaa la besi kando, nikashika fimbo. Vidole viliniuma mno, kwa sababu sanduku halina huruma kwa aliyezoea nyuzi za gitaa. Tulipiga barazani, jioni, kwa mwanga wa kandili, na majirani ambao kabla ya hapo walikuwa wakifunga madirisha walianza kutoka na mikeka. Ndipo tulipogundua kwamba katika tungo zetu kumi na moja, sita zilikuwa zimebebwa na kelele za amplifaya tu. Bila ya umeme hazikuwa na kitu ndani yake. Tukazitupa. Tano zilizobaki ndizo tulizozipiga mpaka mwisho wa bendi.

Sasa nirudi kwenye suala la umri wote. Kwa kawaida bendi hapa hutafuta pa kupigia katika baa na hoteli, na mwenye baa hulipa kwa kutazama vinywaji vilivyouzwa. Maana yake ni kwamba jirani yako, mama yako, mdogo wako wa skuli na rafiki yako asiyependa kuonekana mahali penye ulevi, wote hao umewafungia mlango kabla ya kupiga noti ya kwanza, na ndio watu wako. Sisi tulianza kuomba ukumbi wa skuli siku za Jumapili baada ya sala ya Alasiri, tukamaliza robo saa kabla ya Magharibi. Hakukuwa na kinywaji zaidi ya juisi ya ukwaju. Kiingilio kilikuwa shilingi 1,000. Wakija watu 120 tulipata shilingi 120,000. Tukitoa mlinzi wa ukumbi, gari la hamali la kubebea dramu, na mafuta ya jenereta pale yalipohitajika, tulibakiwa na kitu cha kutia mfukoni mwa bendi. Si fedha nyingi, lakini hakuna aliyetuambia tupige nini.

Kibali ni lazima, na nawasihi msikipuuze. Anzeni kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, mumweleze kwa adabu muziki wenyewe ulivyo na saa ya kumaliza, kisha mwende Baraza la Sanaa. Sheha wetu alitusikiliza, akatupa sharti la kusimamisha vyombo adhana inapoanza, sharti ambalo sisi wenyewe tungeliliweka, na siku jirani mmoja alipokuja juu kwa hasira ni sheha aliyezungumza naye. Mwezi wa Ramadhani hatukupiga. Tulitunga na kushona mashairi. Uhuru wa bendi ya hapa haumo katika kuwaudhi watu wa mtaa wake.

Kuhusu mashairi, fanyeni kama nisemavyo: imbeni Kiswahili, na kiwe Kiswahili kilichopimwa. Mwaka 2012 tulivuka kwenda Pemba, tukapiga Wete mbele ya watu waliokaa kwenye viti kimya kabisa, na sisi tukadhani wametuchukia. Baada ya onyesho mzee mmoja alimwita mwimbaji wetu, akamwambia ubeti wa pili wa wimbo wa karafuu una mizani pungufu, na akamtajia neno la kuutengeneza. Kumbe ukumbi mzima ulikuwa ukisikiliza maneno, kama watu wetu wanavyomsikiliza mwimbaji wa taarab. Tangu siku ile tulichapisha mashairi kwenye karatasi na kuyagawa mlangoni, nakala moja kwa kila aliyelipa, na sijaona kitu kilichotuletea marafiki wengi kuliko karatasi hizo.

Haya sasa, hoteli. Tulipiga hotelini misimu miwili. Malipo yalikuwa mazuri na chakula kilikuwa kizuri, siwezi kusema uongo. Lakini katika miezi minane hatukutunga wimbo hata mmoja, kwa sababu mazoezi yote yalikuwa ya nyimbo za wengine, na masika ilipoingia wageni wakapungua tukaambiwa tupumzike hadi Julai. Tukarudi mjini, watu wetu wa Jumapili wamekwisha kutawanyika. Ushauri wangu ni kwamba mkubali mara moja kwa mwezi, si kila wiki, nusu ya nyimbo ziwe zenu, na fedha yote ya hoteli iingie katika vyombo. Wakikataa, waacheni.

Mtayarishaji ni jambo zito zaidi, na hapa nazungumza na jeraha. Mwaka 2011 sisi tulitia saini ukurasa mmoja kwa mtayarishaji ambaye sitamtaja, kwa sababu tulikuwa na hamu ya kusikika. Hatukuelewa kwamba wimbo una haki mbili zilizo mbali mbali: haki ya utungo, yaani maneno na sauti yake, ambayo ni ya aliyetunga, na haki ya rekodi, yaani ule upigaji uliohifadhiwa studio siku ile. Mtu anayelipia studio ana hoja ya kudai sehemu ya rekodi. Hana hoja ya kuudai utungo. Sisi tulimpa vyote, na mwaka uliofuata tulisikia wimbo wetu ukitumika kama mlio wa simu bila ya senti moja kutufikia, na tulipotaka kuurekodi upya tulioneshwa saini zetu. Mwimbaji wetu alikuwa ameutunga wimbo ule kwa ajili ya marehemu babake. Hakuuimba tena.

Kwa hivyo tungo zenu nane, kabla ya kukutana na yeyote, ziandikeni kwa majina ya waliozitunga, mkazisajili kwenye taasisi ya hakimiliki hapa Zanzibar, COSOZA. Kisha mwambieni huyo bwana kwamba mko tayari kuzungumzia rekodi, kwa muda wa miaka maalumu, na gharama ya studio ikisharudi faida igawanywe nusu kwa nusu. Dischord imefanya kazi na bendi nyingi kwa kugawana faida baada ya gharama kurudi, kwa hivyo hamtakuwa mmeomba jambo la ajabu. Na mkatae kutia saini siku hiyo hiyo hata akisema boti inamuondokea.

La mwisho ni daftari. Bendi yetu haikuvunjwa na hoteli wala na mtayarishaji. Mpigaji dramu alipata kazi Muscat, mwimbaji ambaye ni mwalimu akahamishiwa Pemba, nasi tukaagana kwa wema, kwa sababu kila shilingi ilikuwa imeandikwa na wote wanne tulikuwa tukitia saini kila mwisho wa mwezi. Najua bendi mbili za rika letu zilizokufa kwa ugomvi wa shilingi 60,000. Katika daftari hilo hilo tulikuwa tukiandika tarehe, mahali na orodha ya nyimbo za kila onyesho, na kinasa sauti kidogo kilikuwa kikiwekwa mbele ya spika. Fugazi walifanya hivyo kwa miaka yote; katika maonyesho yao zaidi ya 1,000, yaliyorekodiwa yanapindukia 800, na tangu 2011 wanayatoa kwa wasikilizaji kwenye intaneti. Sisi tuna rekodi 43, zikiwemo za barazani wakati wa giza, zenye sauti ya sanduku na ya watoto wa jirani.

Dramu yetu bado ninayo. Ngozi ya tomu moja imepasuka na kanyagio la besi linahitaji springi mpya, lakini mbao zake ni nzima. Niandikie ujumbe wa faragha, mje na gari la hamali siku yoyote baada ya Alasiri muichukue. Sitaki malipo, nataka siku hiyo muje na daftari jipya, na mstari wake wa kwanza uandikwe kwamba dramu ni mali ya bendi, na wote wanne mtie saini mbele yangu.